Koti Lililolowesha kwa Ndani

Kila asubuhi Chiriku alipishana na baba yake mlangoni. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, naye alirudi macho mekundu wakati binti yake anatoa baiskeli, begi limefungwa kwenye keria kwa mpira. Jina la Chiriku alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu ya mdomo. Aliweza kusimulia ndoto moja tangu uji mpaka chakula cha mchana. Msimu ule wa mvua, hata hivyo, alikuwa kimya. Kikohozi kilimkatisha kila alipofungua kinywa.

Shule yake ilikuwa mbali, juu ya mlima mrefu wenye barabara mbovu. Shule ya karibu iliishia darasa la nne, kwa hiyo bila baiskeli hakukuwa na masomo. Mvua zilipoanza alifika darasani akiwa chapachapa, akakaa na nguo mbichi mpaka mchana huku meno yakigongana. Mwishowe alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali.

Siku aliyoruhusiwa, baba alikwenda kumchukua. Walipofika nyumbani alikaa kitini, akaweka kofia yake ya ulinzi magotini.

"Nilishazika mtoto mmoja kwa kifua," alisema. "Sitazika wa pili."

Mama aliinamisha kichwa. Dada mkubwa wa Chiriku alifariki kabla Chiriku hajazaliwa, na katika nyumba ile hakutajwa ovyo.

"Nitamtafutia koti la maana," baba aliendelea. "Akiugua tena, basi. Baiskeli inauzwa, naye anakwenda kwa shangazi yake kumsaidia kulea. Shule itamsubiri."

"Shule haisubiri mtu, baba," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Na kaburi je?"

Chiriku aliingia chumbani, akajifunika shuka gubigubi na kulia.

Jumamosi walikwenda wote watatu kwa muuza mitumba. Muuzaji, mama wa makamo, aliwatolea makoti mawili ya mvua. La kwanza lilikuwa jepesi, la rangi ya chungwa, nalo lilikunjika likaenea kiganjani. Baba alilishika kwa ncha za vidole.

"Hili ni koti au ganda la kitunguu?"

La pili lilikuwa jeusi, zito, la mpira mtupu, na kola yake ilifunika masikio. Baba alilivaa yeye mwenyewe, ingawa lilimbana, akasimama wima mikono kando kana kwamba yuko getini.

"Nimekesha na mvua miaka yote hii. Koti ndilo hili."

"Mtoto si anaendesha baiskeli, baba?" muuzaji aliuliza. "Hilo litamchemsha."

"Mama, niuzie koti, usiniuzie maneno."

Wakaondoka na lile zito. Chiriku alilikumbatia njia nzima, maana ndilo lililobeba shule yake.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Chiriku alipanda mlima akihema, maji yakitiririka juu ya mpira bila kupenya. Alipofika shuleni akavua koti, shati lilikuwa limemganda mgongoni, limelowa tepetepe. Akadhani koti linavuja.

Jioni alimnong'oneza mama yake. Mama alivaa miwani, akalipindua koti juu ya cherehani. Chini ya makwapa aliona vitundu vilivyopangwa mstari, na mgongoni, chini ya kipande cha kufunika, palikuwa na mpasuo mrefu.

"Adui nimemwona!" alisema. "Kiwanda gani hiki kinatoa nguo haijamalizika? Aibu tupu."

Alikata viraka kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la zamani, akavibandika kila penye tundu, kisha akavishona kwa uzi wa mara mbili. Hakuwahi kumshonea mteja kwa uangalifu kama ule.

"Sasa hata mbu hapiti."

Siku iliyofuata Chiriku alilowa kuliko jana yake. Na siku ya tatu hivyo hivyo. Baridi ilimwingia, kikohozi kikarudi, na hapo ndipo alipoanza kuficha. Alikohoa akiwa ameuma mto. Alifua shati lake mwenyewe kabla mama hajaligusa. Akiulizwa, alisema koti ni zuri sana. Kifua kilimbana usiku kucha, lakini alichokiogopa hasa ni baba kusikia. Alijiona amekwisha, maana akisema anapoteza shule, na akinyamaza anapoteza pumzi.

Asubuhi moja wingu lilikuwa zito, akavaa koti. Alipanda mlima wote na tone halikudondoka. Alipovua koti darasani, mwenzake wa dawati alimkodolea macho.

"Wewe, nani kakumwagia maji? Mbona nje kukavu?"

Chiriku alijigusa mgongo. Palikuwa maji matupu. Alilamba mkono wake, akakuta chumvi. Siku zote hizo mvua haikuwa imeingia. Lilikuwa jasho lake, limekosa pa kutokea.

Alijua la kufanya, ila aliogopa kila alipowaza uso wa baba. Jioni, baba alipokuwa akifunga viatu vya kwendea kazini, alisimama mbele yake.

"Baba, nakohoa tena. Nimewaficha siku nyingi. Koti linanilowesha kwa jasho."

Baba hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliinuka taratibu, akaenda kuitoa baiskeli nje.

"Baba, tafadhali!"

"Nilisema."

Mama alitoka na koti mkononi, akasimama njiani.

"Ukitaka kuiuza, iuze," alisema. "Lakini kwanza vaa hili koti, uipande wewe. Nenda mpaka mwisho wa mtaa, urudi. Mtoto hajawahi kutudanganya, isipokuwa kwa kutuogopa."

Baba alimtazama, akamtazama na binti yake. Akavaa koti, vifungo vikifika kwa shida, akapanda. Majirani walicheka kumwona mlinzi mzima ameinama juu ya baiskeli ya mtoto, amevaa koti la mvua jioni isiyo na mvua. Alirudi akihema. Alipolivua, shati lake la kazi lilikuwa limelowa kifuani na mgongoni.

Alikaa chini palepale mlangoni.

"Mimi husimama," alisema polepole. "Usiku kucha nimesimama. Yeye anapanda mlima."

"Na mimi nikaziba mahali pa kutolea joto," mama alisema, "bila kujiuliza aliyelishona aliyaacha matundu kwa nini."

Baiskeli ikarudishwa ndani, na usiku huohuo walimpeleka Chiriku zahanati. Daktari alisikiliza kifua, akasema wamewahi, akampa dawa na mapumziko. Chiriku alikosa mtihani wa muhula, akalia sana.

Alipopona walirudi kwa muuza mitumba. Lile la chungwa lilikuwa limeshanunuliwa. Muuzaji alichakurachakura, akapata jingine jepesi, la kijani. Safari hii baba aliuliza, mama akapima. Alimwaga maji juu ya kitambaa, yakateleza. Akaomba kikombe cha chai ya moto, akakifunika kwa kitambaa hicho, akafudikiza glasi kavu juu yake. Baada ya muda glasi ikafanya ukungu.

"Mvua haiingii, mvuke unatoka," alisema. "Hili ndilo la mpanda baiskeli."

Mvua kubwa ilinyesha wiki iliyofuata. Somo la kwanza lilikuwa halijaisha wakati baba alipotokea mlangoni mwa darasa, ametoka kazini moja kwa moja, anachuruzika maji. Aliomba ruhusa kwa mwalimu, akamwita binti yake barazani, akapitisha kiganja chini ya sweta yake, mgongoni. Alikiacha pale muda mrefu.

"Pakavu," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo, baba."

"Nilikuchagulia koti kwa kazi yangu, sikuitazama kazi yako. Kosa hilo ni langu. Lakini wewe nawe unisikilize. Dada yako aliniogopa. Alificha kikohozi mpaka siku aliyoshindwa kusema. Ukiumwa, niambie, hata kama nitakasirika. Hasira yangu itaisha."

Chiriku aliahidi. Baba alimfunga kifungo cha juu cha sweta, akarudi kwenye mvua.