Kigauni cha Inchi Tatu

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida tu. Mdogo wangu, fundi cherehani, alikuwa anapiga pasi kola huku anakohoa, na wifi yetu, mke wa kaka, anashona vifungo pembeni. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa ameshaugua nimonia mara nne, na mdomo umejaa utando mweupe. Anameza dawa, anapona, anaugua tena.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshamtangaza wifi mtaa mzima kuwa ni mchawi.

"Dada, hebu njoo." Mdogo wangu alifungua daftari la vipimo. Mwandiko wake mwenyewe: kifua inchi tatu, urefu inchi nne, kuchukuliwa Alhamisi. Jina hakuna.

"Nguo ya mwanasesere hiyo."

"Nimeshaishona. Ila sura ya aliyeiagiza siikumbuki."

Kigauni cheupe kilining'inia msumarini. Hakikuwa na tundu la shingo.

"Fundi gani wewe unasahau shingo?" nikamtania.

Hakucheka. "Alisema hana shingo," akanong'ona.

Kesho yake hospitalini daktari alituonyesha picha ya kifua. "Uvimbe uko kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa huu. Ni nadra. Na kwa wachache, kama huyu, mwili nao huacha kutengeneza kinga. Ndiyo maana kila ugonjwa unampata. Tutamfanyia upasuaji Alhamisi, kabla haujabana mishipa ya moyo."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Sentimita saba na nusu kwa kumi."

Mkobani nilikuwa na futi ya kushonea. Nikaigeuza upande wa inchi.

Tatu. Nne.

Alhamisi nilimpigia wifi magoti koridoni. "Nimekukosea. Nimekuchafua bure."

"Inuka, wifi, watu wanatutazama," akasema, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka upasuaji ulipokwisha. Ufunguo pekee wa chumba cha kushonea nilikuwa nao mimi, nimeuvaa shingoni.

Uvimbe ulitoka wote, namshukuru Mungu. Lakini daktari alisema kukata hakurudishi kinga. Kila mwezi mdogo wangu atatundikiwa dripu ya kinga za watu wengine, huenda maisha yake yote.

Jioni nikaenda chumba cha kushonea kumchukulia nguo za kubadili. Kufuli lilikuwa zima. Nikafungua.

Msumari mtupu.

Daftarini, kando ya vipimo vya kigauni, palikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama anavyoweka mdogo wangu mteja akishachukua nguo yake. Wino ulinichafua kidole.

Chini yake, kwa mwandiko uleule, oda nyingine.

Kifua nusu inchi.

Tarehe ya kuchukua haijajazwa.