Simu ya Gekara kwa Osoro

Wenzangu, sikilizeni yaliyoipata nyumba ya Gekara kule Roret mwaka wa 1968. Ilikuwa nyumba tulivu. Jioni Gekara, nyapara wa wachumaji chai, alirudi akaketi na mama yake, Yunia, huku binti yake Tecla akisoma kitabu cha darasa la sita. Gekara alipenda Kiingereza. Alipenda zaidi kuonekana anakijua, na kusahihishwa hakutaka.

Mvua ya mawe ilipoanza, Yunia akaugua, akawa hawezi kusimama. Kila alipozinduka aliuliza kama Osoro, kitinda mimba wake aliyefanya kazi Nakuru, amefika. Gekara akaandika simu ya maandishi, yaani telegramu, ya kumwita: MOTHER WEEK COME.

Tecla akaisoma. “Baba, hilo neno week ni wiki ya siku saba. La mtu asiye na nguvu linatamkwa vilevile, lakini linaandikwa weak.”

“Mimi niliandika ripoti za Wazungu kabla hujazaliwa,” Gekara alisema.

Mkewe, Mokeira, alimsihi aulize huko posta. Karani wa posta mwenyewe alimuuliza kama ana hakika. Gekara akamwambia atume ilivyo.

Basi wakaanza kungoja. Kila basi liliposimama barabarani, Mokeira alitoka mbio, mikono imejaa unga. Gekara aliwaacha wachumaji mara mbili kwa siku kuja kuchungulia. Siku ya tatu ikapita, ya tano ikapita. Alizunguka ua akimlaumu ndugu yake kwamba mji umemharibu. Ndani, Yunia aliuliza tena. Asubuhi ya siku ya saba alimshika Tecla mkono, akamwita kwa jina la Osoro, akakata roho.

Osoro alifika kesho yake. Alikuta wanaume wakichimba kaburi kando ya migomba, na mwanzoni hakuelewa ni la nani. Alipoambiwa, alitoa ile simu mfukoni.

“Nilijua Mama anakuja kwangu baada ya wiki,” alisema. “Nimemtandikia kitanda. Jana nimeshinda kituoni nikimngoja; hakushuka, ndipo nikaja kuuliza.”

Gekara aliisoma ile karatasi, akaketi pale pale kwenye udongo. Osoro alivua koti, akaingia kaburini kuchimba. Hakumsemesha ndugu yake siku ile, wala mwaka ule.

FUNZO

Week na weak, meet na meat, son na sun: sikio halioni tofauti, lakini anayesoma huona. Usiandike Kiingereza kwa kusikia tu. Ukiwa na shaka, uliza. Ukisahihishwa, hata na mtoto wako, angalia tena kabla hujatuma. Na jambo likihusu uhai wa mtu, andika kwa lugha ambayo wewe na msomaji wako mnaielewa vizuri. Gekara angeandika kwa lugha ya mama yake, Osoro angemkuta hai.