Kichwa cha Tofi

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika kwenye kona ya mtaa wao huko Toledo, Junia Kessler alishuka chumba cha chini kuwahudumia nyoka wake. Alivuta droo za plastiki moja baada ya nyingine, akabadilisha magazeti yaliyochafuka, akajaza maji na kuangalia kipimajoto. Wenzake walifuga sungura. Yeye alifuga chatu wadogo, wale ambao wakiogopa hujikunja kama mpira. Mama yake hakukanyaga humo ng'o. Aliyemfundisha kazi hiyo ni mjomba wake, Dwight, aliyekuwa akizalisha chatu na kuwauza tangu Junia hajazaliwa.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Junia aliangulisha mayai ya nyoka wake mwenyewe. Mama aliyeyataga alikuwa chatu wa aina ambayo wafugaji huiita Buibui, kwa kuwa michoro ya mgongoni ni myembamba kama utando. Baadhi ya watoto walitoka na rangi ya kawaida, wengine wakarithi utando. Mmoja wao, Tofi, alikuwa mzuri ajabu. Junia alishajiona kwenye maonyesho ya kaunti akibandikwa utepe wa bluu anaopewa mshindi wa kwanza kati ya wafugaji watoto. Aliutaka utepe huo kwa moyo wake wote.

Kasoro ilijitokeza siku ya chakula. Junia alimsogezea panya kwa koleo. Tofi akainua kichwa, kikaanza kutikisika, kisha kikapinduka kidevu kikawa juu. Alimrukia panya, akamkosa, akagonga ukuta wa droo. Akajaribu tena, akakosa tena. Junia alimhurumia hadi machozi yakamlenga.

Mjomba Dwight hakushtuka hata kidogo. Alimweleza kwamba Buibui wote wana ugonjwa huo wa mishipa ya fahamu, na kwamba hurithiwa pamoja na michoro. Ndiyo maana yeye alichagua mama anayetikisika kidogo tu, ili watoto nao watikisike kidogo tu. Junia akamuuliza, kama ni hivyo, mbona Tofi amemzidi mama yake. Mjomba alijikuna kisogo, akasema labda ni bahati mbaya. Kisha akampa mbinu ya wafugaji: siku ya maonyesho asimwekee mkeka wa joto. Chatu akipata ubaridi kidogo hujikunja akatulia, na waamuzi huwatazama nyoka wakiwa ndani ya vikombe vyenye vifuniko ili wasiwasumbue.

"Lakini Mjomba, huko si kudanganya?" Junia aliuliza.

"Umdanganye nani, na wewe hujasema neno? Kizuri chajiuza, mpwa wangu. Wewe nyamaza tu."

Jumamosi ukumbi ulijaa watu waliokuja kutazama nyoka na kuwanunua. Junia alipanga mezani vikombe vya ndugu wa Tofi wenye rangi ya kawaida, na Tofi katikati, bila mkeka wa joto, amejikunja kimya. Meza ya jirani ilikuwa ya Tanner Boyle, mvulana wa darasa lake mwenye maneno mengi, ambaye naye alileta Buibui. Alichungulia kikombe cha Tofi akamwambia Junia kwamba leo atarudi nyumbani na utepe wa pole.

Ndipo alipofika msichana mmoja, Lorena, pamoja na baba yake. Alimwangalia Tofi kwa muda mrefu bila kupepesa. Alisema hajawahi kufuga nyoka, lakini amesoma sana, na anataka kuanza na huyu.

"Nitamtunza mpaka akue, halafu nimzalishe," alisema. "Nataka chumba kizima cha watoto kama yeye."

Junia aliona akilini droo nyingi, na katika kila droo nyoka mwenye njaa anayerukia panya na kumkosa. Wakati huohuo Bi. Petrakis, mwamuzi, alikuwa amesimama mbele yake na utepe wa bluu mkononi. Alikwisha kuzunguka meza zote, na macho yake yalikuwa kwa Tofi. Kulikuwa na kazi moja tu ya kufanya, nayo ilikuwa kunyamaza.

Junia akafungua kifuniko.

Alimtoa Tofi na kumweka viganjani. Joto la mikono lilimwamsha. Kichwa kikainuka, kikaanza kutikisika, kikapinduka juu chini mbele ya watu wote.

"Nyoka wako kalewa?" Tanner aliuliza, na watu wakacheka.

"Hajalewa, ni mgonjwa," Junia alisema. Hakuishusha sauti. "Nimemwacha kwenye baridi makusudi ili atulie, msimwone akitikisika. Amerithi kwa mama yake. Akizaa, wale watakaopata michoro yake watapata na ugonjwa wake. Lorena, usimzalishe. Hata mimi sitamzalisha, wala mama yake sitampandisha tena."

Bi. Petrakis aliurudisha utepe mfukoni. Kisha akawaomba watoto wote wawatoe nyoka wao vikombeni na kuwapasha joto mikononi. Buibui wa Tanner akawa wa kwanza kutazama dari, na Tanner mwenyewe akawa mwekundu hadi masikioni. Mwamuzi alishauriana na wenzake pembeni, akarudi na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nyoka atakayeamuliwa ndani ya kikombe. Utepe ulikwenda kwa mtoto mwingine, mwenye chatu wa kahawia wa kawaida aliyekuwa mzima kabisa. Junia alimpigia makofi.

Alidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Lorena aliomba kuuziwa mmoja wa ndugu wa Tofi wenye rangi ya kawaida, akisema anataka nyoka wa mtu asiyeficha. Nyuma yake akasimama mama mmoja na mwanawe, kisha mzee, kisha foleni ikafika mlangoni. Kila mtu alimuuliza Junia maswali, na kila swali alilijibu. Kabla mchana haujaisha, mezani alibaki Tofi peke yake, naye hakuwa wa kuuzwa.

Mjomba Dwight alikuwa amesimama kando muda wote, uso umemshuka. Alikwenda kwenye meza yake kubwa ya kuuzia nyoka, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya vikombe vya Buibui wake wote: "Huyu ni mgonjwa. Asizalishwe." Wafugaji wengine walimtolea macho, naye hakuwajali. Kisha akarudi kwa mpwa wake.

"Miaka yote nilichagua mama asiyetikisika sana, nikidhani nazalisha watoto wenye nafuu," alisema. "Kumbe nilikuwa nachagua yule anayeficha vizuri, kama mimi. Mfugaji asiyesema kasoro ya mnyama wake anamwonea mnunuzi mara moja, na mnyama maisha yake yote. Leo umenifundisha kazi niliyokufundisha."

Akamwomba amshike Tofi kidogo. Junia akamkabidhi, akicheka na kufuta machozi, na mjomba akakiegemeza kile kichwa kwenye kidole chake mpaka kikatulia.