Pole Zilizofanana

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Mwaka wa kwanza chuoni, somo likimshinda, aligonga mlango baada ya mlango bwenini mpaka apate wa kumweleza. Aliingia kuuliza hesabu, akatoka amekunywa chai na kupata habari za bweni zima.

Mwaka wa pili akaanza kutumia programu ya akili bandia kwenye simu. Unaiandikia swali, inakujibu papo hapo kama mtu. Haichoki wala hainuni. Basi milango ikapumzika. Chiriku na Twiga, msichana mrefu aliyeishi naye chumba kimoja, wakawa kila mtu kitandani kwake, macho kwenye simu.

Kisha baba yake Twiga akalazwa hospitali. Twiga akaenda kumuuguza. Chiriku alitaka kumpa pole, maneno yakamkwama. Akaiandikia programu, "Niandikie pole ya rafiki." Ikaandika vizuri mno. Akaituma bila kubadilisha hata neno.

Twiga aliporudi, aliitikia salamu tu. Chiriku alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Twiga, nimekukosea nini?"

Twiga akampa simu yake. "Soma. Hii yako. Hii ya jirani yetu wa bwenini. Hii ya yule tunayekaa naye darasani. 'Moyo wangu uko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu.' Wote watatu! Niko kando ya kitanda cha baba, nikajiona sina mtu."

Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akatoka, akawa anazunguka uani. Kidole kikaenda chenyewe kwenye ile programu, kuuliza namna ya kuomba msamaha. Akajishtukia. Akampigia mama yake mdogo, ambaye ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kingine.

"Mama mdogo, nimeharibu."

Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Programu si mbaya," akasema. "Ikusaidie kuelewa somo, na uhakiki majibu yake, maana nayo hukosea. Lakini haimjui Twiga. Wewe unamjua. Halafu mwanangu, umemzoea asiyenuna, sasa watu wanaonuna wanakutisha."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda kamwambie kwa mdomo wako. Ukibabaika, babaika. Na masomo, ulizaneni wenyewe kwanza. Mkikwama wote, ndipo muiulize simu."

Chiriku akarudi chumbani.

"Twiga, mimi... hata sijui niseme nini. Niliogopa kukosea. Nisamehe. Baba anaendeleaje?"

Twiga akasogea ili mwenzake apate pa kukaa. Akaeleza mengi: homa, dripu, na jinsi baba anavyogombana na wauguzi kuhusu chakula. Simu ya Chiriku ililia mezani, hakuigusa.

Siku hizi wanasoma meza moja, na wale wenzao wawili waliotuma pole ileile huja pia. Wanabishana, wananuniana, wanapatana.

Juzi baba alizidiwa tena. Twiga akakimbilia hospitali bila kuaga. Chiriku akamwandikia huku akivaa viatu: "Nakuja. Umekula? Nakuletea sweta lako lile bovu."

Jibu likaja mara moja. "Hii umeandika wewe. Njoo."