Zulia Kuukuu Si la Kuchoma

Kazi ya fundi zulia ilikuwa ya kimya. Asubuhi aliingia katika ofisi tupu, yenye mwangwi. Jioni aliacha chumba laini, kimetulia kama kimebembelezwa kikalala.

Mazulia ya zamani aliyoyang'oa, vipande vya mraba, aliyapeleka nyumbani, akayarundika uani na kuyachoma. Moshi mweusi ulipanda polepole. Binti yake mdogo alipenda kuutazama. Walimwita Kasuku, maana hakujua kunyamaza.

"Baba, ona tembo! Ah, sasa amekuwa mlima!"

Jioni moja, Kasuku alinyamaza katikati ya neno. Kifua kilimbana. Alivuta pumzi, haikuja. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama yake alimbeba, wakakimbia zahanati. Alipewa dawa ya kuvuta kwa pua na mdomo, na taratibu pumzi ikarudi.

Daktari akauliza, "Nyumbani mnachoma nini?"

Mama alimtazama mumewe. "Mazulia ya zamani," mumewe akajibu.

Waliporudi, jirani alikuwa akiwangoja mlangoni. Jirani huyo alifanya kazi katika kiwanda kinachotengeneza mazulia mapya kutokana na ya zamani.

"Poleni jamani. Mtoto yukoje?"

"Hajambo sasa, shoga," mama akajibu.

"Shemeji, usinichukie," jirani akamwambia fundi. "Mazulia mengi ya ofisini ni plastiki. Moshi wake ni sumu."

"Sasa lundo lote hili nilipeleke wapi?"

"Njoo nikuonyeshe."

Jirani akachomoa vipande viwili vya mraba kutoka kwenye lundo. "Hiki kilikuwa wapi?"

"Mlangoni. Si unaona kilivyokwisha?"

"Na hiki?"

Fundi akakipapasa. "Chini ya kabati."

"Laini kama shavu la mtoto! Nacho ulitaka kukichoma?"

"Huyu angechoma hata godoro nimelala juu yake," mama akasema. Wote wakacheka, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Vilivyo vizima, vioshe, vikauke, uvitandike tena," jirani akaeleza. "Vilivyochakaa tuletee kiwandani. Tunatenganisha nyuzi na mpira wa chini. Nyuzi tunaziyeyusha, tunazisokota upya. Na usimwage gundi sakafu nzima. Bandika pembe za kila kipande tu. Kipande kimoja kikichakaa, unabadilisha hicho hicho."

Tangu siku hiyo, moto haukuwashwa tena uani. Vipande vya zulia vilianikwa kwenye kamba, vya kijivu na vya buluu, vikipepea taratibu juani. Kasuku alipita katikati yake akijiimbia, na kifua chake kilitulia.

Kazi iliyofuata ilikuwa ofisi kubwa yenye madirisha marefu. Bosi wa hapo alipoona vile vipande vilivyooshwa, akakunja uso.

"Fundi, unataka kunitandikia mitumba?"

"Kanyaga kwanza, bosi. Usipopenda, nitang'oa."

Fundi alichanganya kijivu na buluu. Jua la asubuhi lilipoingia, sakafu ilionekana kama maji yaliyotulia. Bosi akakanyaga. Viatu vyake havikutoa sauti. Akaenda hadi dirishani, akarudi. Akavua viatu. Akavua na soksi. Mwishowe akaketi chini, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Fundi akangoja. Akadhani mzee amelala.

"Fundi," bosi akasema, macho bado kayafumba, "ghorofa ya juu utaanza lini?"