Aliyecheka Kwenye Kimya

Kinyozi ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo asije mtu akaniambia haya nimeyaokota njiani. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na mtu anayetunga hatetemeki vile. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka, stoo ile bado ipo, aende akalale humo.

Yalianza kama mchezo. Kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, Kinyozi alikuwa akifunga duka na kumsubiri rafiki yake wa tangu enzi za kaptula. Rafiki huyo anafundisha hesabu shule ya msingi, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, mke wake akiwemo. Wakishakutana, waliingia stoo ya nyuma ya duka, chumba kisicho na dirisha, walichokizungushia magodoro makuukuu ukutani ili sauti isidunde wala isitoke. Walifunga mlango wa chuma kwa komeo la ndani, wakavaa hedifoni, wakarekodi podikasti yao, Porojo za Stoo. Simu waliziacha nje kwenye kaunta kwa sababu zilileta mikwaruzo kwenye maiki.

Porojo zenyewe zilikuwa upuuzi mtupu, na ndiyo maana watu walizipenda.

"Juzi nimemuuliza mtoto," Mwalimu alisema siku moja, "ukiwa na machungwa matano nami nikachukua mawili, utabaki na nini? Akaniangalia hivi, akasema, nitabaki na hasira, Mwalimu."

"Huyo mpandishe darasa leo leo! Mimi kaja mzee ana kipara kama sahani, ananiambia nimpunguze pembeni. Nikamwambia, baba, pembeni ipo wapi? Hapa kote ni katikati."

Basi hapo watacheka wenyewe mpaka viti vilie.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakuruhusu utani juu yake. Kabla ya kuanza, maiki zikiwa wazi, walipaswa kukaa kimya kidogo, bila kukohoa, bila kujikuna. Kimya hicho aliilisha kompyuta, ijue sauti za kufuta kwenye kipindi.

"Naifundisha," alisema kwa sauti ya darasani. "Kila kinachosikika humu wakati sisi tumenyamaza ni cha chumba. Mvumo wa taa, upepo wa chini ya mlango. Cha chumba kibaki chumbani, kisitoke na sisi."

Kinyozi naye, ukimkataza kitu ndiyo umemtuma. Kila Jumamosi, kimya kikianza tu, alimtolea Mwalimu sura: macho yametoka, mdomo umepinda hadi sikioni, mishipa ya shingo imesimama kama mtu anayenyongwa. Mwalimu alijiuma mashavu, alitazama dari, wapi. Mwisho alipasuka kwa kicheko na kimya kikaanza upya.

"Wewe ipo siku utaniua," alisema huku anafuta machozi.

Ikaja Jumatatu moja, msikilizaji mmoja akaandika: Huyo wa tatu ni nani? Anacheka vizuri.

Walidhani ni mzaha. Mwalimu akakirudia kipindi taratibu, hedifoni masikioni, na Kinyozi akauona uso wake unabadilika. Akampa asikilize. Kicheko kilikuwepo. Cha chini, kifupi, kikavu. Kilikuja baada ya kila kichekesho, kimechelewa kidogo, kama cha mtu asiyeelewa maneno, anayengoja wengine wacheke ili naye ajue ni hapo.

Watu wenye akili wangetupa godoro wakafunga stoo. Hawa wawili wakafurahi! Wasikilizaji waliongezeka, kila mtu anataka kumsikia wa tatu. Wakampa jina, Mgeni Rasmi. Wakamwekea kigoda chake, wakawa wanamkaribisha mwanzo wa kipindi na kumuaga mwisho. Mke wa Mwalimu alipolisikia hilo jikoni kwake, aliweka mwiko chini.

"Shemeji," alimwambia Kinyozi, "mnamkaribisha mtu hamjui uso wake wala kwao. Siku akikataa kuondoka mtamwambia nini?"

"Tutamwambia afagie, shemeji."

Mwalimu alicheka. Mke hakucheka. Binti yao mdogo, aliyekuwa anamsubiri baba amsomee hadithi yake ya kila siku, alimshika suruali, hakumwachia.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa kali. Walirekodi kama kawaida, ila Kinyozi aligundua kitu kilichomkata ladha. Mgeni Rasmi hakuchelewa tena. Kwenye hedifoni kicheko kilianza kabla hajamaliza kichekesho. Halafu kabla hajakifikia kabisa. Kilikwishajua kitakachochekwa.

Akakatisha kipindi. "Leo tuishie hapa, ndugu zangu wasikilizaji," akavua hedifoni, akaenda kuvuta komeo.

Komeo lilifunguka. Mlango haukufunguka.

Akausukuma kwa bega. Akaupiga teke. Haukutikisika hata ule mtikisiko mdogo wa bawaba. Ulikaa kama umejengwa pamoja na ukuta.

"Umeukwamisha," Mwalimu alisema.

"Njoo uukwamue wewe mwenye shahada."

Walisukuma wote wawili. Wakapiga kelele. Wakagonga kwa mguu wa kiti. Nje, hatua chache tu, watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya sokoni, na hakuna aliyegeuza kichwa. Angesikia nini? Miezi yote ile walikuwa wanajaza nyufa na kushonea magodoro, ili sauti isitoke. Walifanya kazi nzuri.

Joto likapanda. Hewa ikawa nzito, ina harufu ya jasho na sponji kuukuu. Mwalimu akavaa hedifoni ili asikilize, akamwashiria Kinyozi naye avae.

Palikuwa na mtu anapumua. Si yeye, si Mwalimu. Mtu anapumua polepole, mdomo wazi, karibu na maiki ya tatu.

Maiki ya tatu haikuwepo.

"Kinataka nini?" Kinyozi alinong'ona.

"Kinataka kuchekeshwa."

Basi wakachekesha. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo, kuchekesha huku unaogopa kufa. Kinyozi alitoa vya wateja, Mwalimu akatoa vya darasani, wakamaliza vipya wakarudia vya zamani. Kichekesho kikichekeka, kicheko kilikuja na mlango ulilegea kidogo, mwanga mwembamba ukaingia chini yake. Kisipochekeka, mwanga ulipotea. Na kigoda kilisogea. Hawakukiona kikisogea. Walikitazama, kipo kule. Wakapepesa macho, kipo hapa.

Vichekesho vikaisha.

Kigoda kilikuwa kimegusa goti la Mwalimu. Lakini kile kichwa cha hesabu kilikuwa bado kinafanya kazi. Akamvuta Kinyozi sikio.

"Nitakikamata kwenye kimya."

"Vipi?"

"Tunyamaze. Kitacheka peke yake, hakiwezi kujizuia. Kompyuta itakipokea. Kitakuwa cha chumba, kibaki chumbani. Sisi tutoke."

"Na kikinyamaza je?"

Mwalimu alikuwa ameshaigeukia kompyuta. "Mwanangu hajasomewa hadithi yake leo. Nyamaza tu, ndugu yangu. Nakuomba."

Akaitega kompyuta ifanye kazi yake yenyewe kimya kikiisha. Akabonyeza.

Kimya.

Kinyozi alijishika magoti. Hakukohoa. Hakujikuna. Masikioni mle pumzi ilikuwa imekoma. Kitu kile kilikuwa kimenyamaza kuliko wao. Kilikuwa kinasubiri.

Ndipo akaona godoro.

Lile la nyuma ya kichwa cha Mwalimu. Lilivimba. Taratibu, kama kitambaa kinachosukumwa na mtu aliye upande wa pili. Ila upande wa pili ni ukuta. Likatokeza paji la uso. Ikatokeza pua. Mdomo ukafunguka chini ya kitambaa, mpana, mpana zaidi, ukateremka kuelekea utosi wa Mwalimu.

Kinyozi hakuweza kupiga kelele. Aliambiwa anyamaze. Macho yakamtoka. Mdomo ukampinda hadi sikioni. Mishipa ya shingo ikasimama.

Mwalimu alimwona.

Na sura ile Mwalimu aliijua. Aliitazama kila Jumamosi. Kinyozi akayaona mashavu ya rafiki yake yanajaa, akatikisa kichwa, akamsihi kwa macho, siyo mchezo, siyo leo, na kadiri alivyosihi ndivyo sura ilivyozidi kupinda.

Mwalimu akapasuka kwa kicheko.

Kicheko kimoja tu, kifupi. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kompyuta ililia kidogo, kama inavyolia ikishapokea cha chumba.

Taa ikazimika. Ikawaka. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa dukani, na Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini amempa mgongo. Kinyozi alimrukia, akamkumbatia, akamvuta hadi barabarani huku analia na kucheka.

"Tumetoka! Tumetoka, ndugu yangu! Sema kitu!"

Mwalimu alifungua mdomo. Hapakutoka kitu. Akaufunga. Hakuonekana kushangaa.

Madaktari walimchunguza, wakasema koo ni zima, labda ni mshtuko. Shuleni wakampa likizo. Kinyozi alitafuta vipindi vya zamani ili amsikie rafiki yake japo kidogo, akajikuta kila kipindi yupo peke yake. Anauliza, ananyamaza, anacheka na hewa.

Shemeji alimjia dukani na kitenge kimevutwa hadi machoni.

"Amekuwa mpole," alisema. "Hagombi, haulizi, ukimpa chakula anakula, usipompa hali. Ila shemeji... nikilala mchana nikishtuka, namkuta amekaa ananitazama ninavyopumua. Na mtoto hataki kumkalia. Nikimlazimisha anakojoa."

"Ni ugonjwa, shemeji. Mlete nimnyoe, apate kuchangamka."

Akamleta, akamwacha, akaenda sokoni. Kinyozi alimfunga shuka shingoni kama alivyomfunga miaka yote, akashika mashine, akaanza nyuma.

Kichwa cha mtu ni kama uso wake, kinyozi hakisahau. Kile cha Mwalimu, nywele za utosini zilizunguka kuelekea kulia, na Kinyozi alishazilaani mara nyingi kwa ubishi wao. Sasa zilizunguka kushoto. Alama ya kuungua ya utotoni, iliyokuwa nyuma ya sikio moja, ilikuwa nyuma ya sikio la pili. Kama kichwa kilichotazamwa kwenye kioo kisha kikatolewa humo.

Akaendelea kunyoa. Angefanya nini? Mkono ulijiendea wenyewe.

Hapo ndipo akasikia. Kutoka nyuma, stoo, nyuma ya mlango wa chuma. Sauti ndogo, ya mtu aliyekwishaita sana.

"Kinyozi."

Mashine ikamganda mkononi.

"Kinyozi, ndugu yangu. Nifungulie. Uliyetoka naye si mimi."

Akainua macho kwenye kioo. Mtu wa kwenye kiti alikuwa anamwangalia tangu zamani. Akatoa mkono chini ya shuka, polepole, akaweka kidole kwenye midomo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Bila sauti, anacheka mpaka machozi, na Kinyozi alijua ni kwa sababu ya sura aliyokuwa nayo yeye wakati ule.

Shemeji aliingia na kikapu chake. "Umependeza, Mwalimu," alisema kwa sauti ya kujilazimisha, akamshika mumewe mkono. Kinyozi alitaka kusema. Aseme nini, kwa mwanamke, mbele ya kile kitu alichokishika mkono? Aliwatazama wanaondoka barabarani, wameongozana vizuri, mke na mume.

Walipopinda kona alikimbilia stoo. Akaufungua mlango, akang'oa magodoro yote, akaupapasa ukuta, akaupiga kwa nyundo mpaka plasta ikamwagika. Ukuta mtupu. Sauti haikuwepo nyuma ya ukuta. Ilikuwepo chumbani, kila mahali, inamwomba amfungulie, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Upo wazi," alisema. "Toka, Mwalimu. Upo wazi."

"Niliuona wazi siku ile," sauti ilisema. "Miguu ndiyo iliyotoka, mimi nikabaki."

Alimwita, akamwita tena, hatoki mtu. Kisha akafunga stoo kwa kufuli, akarudi kufagia duka, kwa kuwa mtu akikosa la kufanya hufanya kazi yake.

Chini ya kiti alichonyolea hapakuwa na unywele hata mmoja. Kichwa kizima amekinyoa, sakafu ni safi. Akasimama na ufagio. Akaenda kulifungua kufuli alilolifunga mwenyewe muda si mrefu.

Nywele zilikuwa humo, mahali ambapo mwanzo hazikuwepo, mbele ya maiki ya Mwalimu, zimeanguka kwa duara, kama zinavyoanguka pembeni ya mtu aliyekaa anayenyolewa. Kinyozi aliinama akazikusanya kiganjani. Zilikuwa bado na joto la kichwa.