Karatasi ya Pilau

“Ukisimama kesho ukumbini, Maimuna, hakuna harusi.”

Mbarak aliyasema hayo akiliangalia lango la wafanyakazi, si uso wa mchumba wake. Zamu ya mchana ilikuwa inatoka. Wanawake wa dobi walipita mmoja mmoja, mikoba yao ikipekuliwa na bawabu kana kwamba mtu anaweza kuiba shuka la futi tisa akalificha kwenye pochi. Maimuna alikuwa bado amevaa aproni, na mikono yake ilinuka jiki.

“Hayo ni maneno yako au ya Ami yako?”

“Maneno ni maneno.”

“Nijibu, Mbarak.”

“Ya Ami. Bustani ya kufanyia harusi ni yake, hema ni lake, ng’ombe ni wake. Na hoteli hii unayofulia ni yake vilevile. Anachotaka ni unyamaze siku moja. Siku moja tu!”

Zilikuwa zimebaki wiki tatu harusi ifanyike. Na kisa chenyewe kilikuwa hiki: kamati ya bunge ilikuwa inakuja Ukunda kusikiliza maoni ya wananchi juu ya mswada wa fedha. Mswada ulitaka kodi ya mapato iwe ya kiwango kimoja kwa wote, mfagiaji na mwenye hoteli, hivyo wenye mishahara minono wangepunguziwa na wa chini wangeongezewa. Ami Salimu, mwenye hoteli, aliupenda mswada ule kama mwanawe wa kuzaa. Ndiye aliyemlea Mbarak tangu alipofiwa na baba, akamsomesha hadi chuo kikuu, akampa kazi ya uhasibu. Sasa alimtaka asome waraka wa wenye hoteli mbele ya kamati. Upande wa pili, wanawake wa dobi walikuwa wamemchagua Maimuna awasemee. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema lolote juu ya mafahali waliochumbiana.

“Haya, msomi wangu,” Maimuna alisema, “nieleze haki ya hicho kiwango kimoja.”

“Haki yake ni usawa. Mtu amejituma, amepata, kwa nini umwadhibu? Wenye mali wakibanwa sana watahamisha mali yao. Wakipunguziwa watajenga, na watu wataajiriwa.”

“Wataajiriwa? Mwaka juzi Ami yako alisamehewa ushuru wa kuingiza mashine za kufulia. Mashine zikaja. Kisha kukatokea nini?”

Mbarak alijikuna shingo.

“Wanawake wanne wakarudishwa nyumbani. Na barua zao ulizichapa wewe.”

“Ile ilikuwa biashara, Maimuna.”

“Na hili ni tumbo. Ukimkata Kaindi mwenzangu wa dobi robo ya mshahara umemkata unga. Ukimkata Ami yako robo umemkata nini? Hata mbwa wake hatajua.”

“Nakuomba kwa mapenzi yetu.”

“Mapenzi yetu usiyatie kwenye mswada.”

Aliingia ndani kuvua aproni. Alipotoka, Mbarak alikuwa ameshaondoka, na moyo ulimuuma kwelikweli, maana alimpenda yule mwanamume. Alimpenda tangu siku alipomkuta akiwafundisha wanawake wa dobi kusoma karatasi zao za mishahara, mstari kwa mstari, bila kuombwa na mtu.

Tena kilichomkera zaidi ni kwamba Jumapili iliyopita tu Mbarak alikuwa na ulimi mwingine. Walikuwa Msambweni, uani kwa Shangazi Mbeyu, kwenye kikao cha harusi. Kwao hakuna mtu anayepangiwa mchango. Kila nyumba husimama ikataja itakacholeta kwa kadiri yake. Mwenye ng’ombe hutaja mbuzi, mwenye kuku hutaja nazi, na asiye na kitu hutaja kuni na mikono yake ya kukunia hizo nazi. Aibu si kutoa kidogo. Aibu ni kutoa kidogo nawe unacho kingi. Mbarak alisimama siku ile akasema, “Mimi nimejaliwa zaidi, nitatoa zaidi. Ndiyo haki,” na vigelegele vikapigwa hadi kuku wakakimbia.

Kisha akazungusha karatasi ili wajue pilau ipikwe ya watu wangapi. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi.

“Kitambulisho cha nini kwa pilau?” Shangazi Mbeyu aliuliza.

“Ni utaratibu tu, shangazi.”

Shangazi hakujua kuandika. Akatia dole gumba, akapaka wino uliobaki kwenye leso.

Jioni ya siku ile waliyobishana langoni, simu ya Maimuna ilitoa mlio kwa ujumbe wa Mbarak.

“Nakupenda. Tafadhali kesho usije. Utakuja kunishukuru.”

Aliusoma mara mbili, akajibu:

“Nakupenda pia. Nitakuja saa tatu.”

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele waliketi wabunge watano wa kamati, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa zamani. Kulia walikaa wenye hoteli na makoti yao, Ami Salimu katikati, kofia yake ya kiua imenyooka. Maimuna aliketi nyuma na wenzake wa dobi. Kaindi, Mkamba wa Shimba Hills mwenye mdomo usio na breki, alikuwa kulia kwake. Shangazi Mbeyu alikuwa kushoto, amefika na gari la kwanza kutoka Msambweni.

“Shangazi, umekuja kufanya nini?”

“Kukuona ukisema. Kwani kuna kiingilio?”

Mbarak aliitwa. Alisoma vizuri, laana zake! Alisoma kama mtu anayeliamini kila neno: wawekezaji, ajira, usawa mbele ya sheria. Wenye hoteli walipiga makofi.

“Mwisho, Mheshimiwa mwenyekiti,” Mbarak alisema, “si wenye hoteli pekee wanaoomba hili. Tumeambatanisha majina na sahihi za wananchi thelathini na mmoja wa Msambweni, watu wa kipato cha chini, wanaounga mkono kiwango kimoja cha kodi.”

“Manze, ni watu gani hao?” Kaindi alinong’ona. “Walipewa nini?”

Mwenyekiti alishusha miwani akaipitia orodha.

“Vizuri. Huwa napenda kuwasikia wananchi wenyewe. Yupo hapa hata mmoja? Mbeyu Chirau, aliyetia dole?”

Shangazi Mbeyu aliinuka polepole, akajifunga leso vizuri.

“Nipo, mwanangu. Assalamu aleikum.”

“Waaleikum salaam, mama. Wewe unaunga mkono kiwango kimoja cha kodi?”

“Mimi?” Shangazi aligeuka kulia na kushoto kana kwamba kuna Mbeyu mwingine. “Mimi nilitia dole kwa ajili ya pilau.”

Watu walicheka. Walicheka sana, wengine wakapiga meza. Halafu kicheko kikaanza kukatika kipande kipande, kwa sababu Shangazi hakuwa anacheka.

“Nasema kweli. Ilikuwa kikao cha harusi ya huyu binti hapa na huyo bwana hapo mbele. Aliniambia ni utaratibu. Mwenyekiti, hilo ni dole langu, lakini maneno yaliyo juu yake si yangu.”

“Jina la kwanza kwenye orodha,” mwenyekiti alisoma taratibu, “ni Maimuna Chirau.”

Maimuna aliitazama karatasi aliyokuwa ameishika. Alikuwa ameandika hotuba nzima. Aliikunja akaitia mfukoni, akasimama.

“Ndimi. Mheshimiwa, hapo Jumapili tulikuwa watu thelathini na mmoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake toa sawa na mimi. Hatukuambiwa na kitabu. Ndivyo tunavyoozana na ndivyo tunavyozikana. Mwenye kingi hutoa kingi, na akitoa anabaki nacho. Anayetaka tutoe sawa hajawahi kukuna nazi za harusi ya mwenzake. Mnasema wakubwa wakipunguziwa watatuajiri. Walipunguziwa, tukafutwa wanne. Nendeni mkaandike hivyo: watu wa dobi wamekataa.”

“Tumekataa!” Kaindi alipaza sauti, na safu nzima ya nyuma ikasimama. “Peslipu yangu ya mshahara hainipendi hata leo, sembuse hiyo yenu ya kesho!”

“Kimya, tafadhali. Bwana Mbarak, karatasi hii ni ya nini?”

Mbarak alimtazama ami yake. Ami Salimu hakufungua mdomo sana.

“Kaa chini, kijana. Sema kulikuwa na makosa ya uchapaji.”

Maimuna alijikuta akimuombea dua mtu ambaye wakati ule ule alitamani kumzaba kofi.

“Karatasi ni ya harusi yangu,” Mbarak alisema. “Niliikata kichwa kwa mkasi nikaweka kichwa kingine. Niliombwa majina ya wanyonge nikakosa hata moja, nikachukua ya watu walioniamini. Uchapaji hauna makosa. Makosa ni yangu.”

Ami Salimu alinyanyuka, akatoka bila kumwangalia mtu. Maimuna naye alitembea hadi mbele, akavua pete ya posa, akaiweka juu ya ule waraka.

“Ambatanisha na hii,” alisema, akarudi nyuma kumshika Shangazi mkono.

*

Kesho yake Mbarak hakuwa na kazi. Keshokutwa Maimuna naye hakuwa na kazi. Barua yake ilikuja bila sahihi ya mhasibu, kwa kuwa mhasibu hakuwepo tena.

Simu zilimiminika.

“Maimuna, naomba dakika tano.”

“Ulikuwa nazo kikaoni.”

Akakata. Ujumbe ukafuata: “Nifanye nini unisamehe?” Akajibu: “Anza na thelathini. Mimi nije mwisho.”

Hakudhani angeanza. Lakini Jumatatu Shangazi Mbeyu alipiga simu huku akicheka hadi akakohoa.

“Mumeo yuko hapa uani.”

“Si mume wangu.”

“Basi huyo si mume wako yuko hapa uani na nakala ya ile karatasi. Anasema kila mtu achukue kalamu akate jina lake mwenyewe. Mimi nimemwambia dole halikatwi, linapakwa. Nimelipaka masizi ya sufuria.”

“Na umemsamehe?”

“Nimemkunisha nazi kumi na mbili kwanza.”

Nyumba kwa nyumba alikwenda. Kwengine alipewa chai, kwengine alipewa matusi, na mzee mmoja alimfungulia mbwa. Siku ya tisa alifika kwa Maimuna, viatu vimejaa vumbi, karatasi imechoka kwa kukunjwa. Majina thelathini yalikuwa yamekatwa. Lilibaki la juu kabisa.

“Shikilia,” Maimuna alisema. Alichukua kalamu akalikata jina lake mara tatu, karatasi ikakaribia kuchanika. Kisha akalia. Alilia kwa hasira na kwa mapenzi vyote pamoja, na hakujificha.

“Kwa nini, Mbarak? Ungeniambia umekwama!”

“Nilimwogopa. Kila nilichonacho alinipa yeye. Niliona kukataa ni kumvunjia fadhila.”

“Fadhila hulipwa kwa chako. Wewe ulimlipa kwa dole la shangazi yangu.”

“Najua.”

“Sasa unacho nini?”

“Sina kitu. Nimepata kibanda Kona ya Musa, karibu na soko. Nawasaidia wafanyabiashara wadogo kujaza fomu za kodi.”

“Na ukiwajazia, wanasoma kabla ya kutia sahihi?”

“Nawasomea mara mbili. Wengine wanachoka, wananiomba niache.”

Maimuna alijifuta machozi kwa kiganja. “Jina langu limetoka kwenye karatasi yako,” alisema. “Likirudi kwenye karatasi moja nawe, nitalisoma kwanza neno kwa neno, nawe utangoja.”

“Nitangoja.”

*

Harusi ilifanyika Msambweni, miezi miwili baadaye, uani kwa Shangazi Mbeyu. Mswada bado ulikuwa unabishaniwa Nairobi, na Maimuna na wenzake walikuwa wameshapeleka karatasi yao wenyewe, ambayo Kaindi aliisoma kwa sauti sokoni kabla mtu yeyote hajaitia sahihi. Kila nyumba ilileta kwa kadiri yake. Kaindi alileta pojo debe zima na kelele zake.

Asubuhi hiyo bahasha ilifika kutoka kwa Ami Salimu. Ndani mlikuwa na noti ya shilingi mia tano. Shangazi aliigeuza mbele na nyuma, akairudisha ndani ya bahasha akampa dereva.

“Mwambie bwana wako shikamoo yangu nampa. Halafu mwambie jirani yangu hapa, mjane, ametoa mia tano pia. Kwetu hatutoi sawa. Akahesabu tena.”

Adhuhuri dereva yule alirudi na fahali kwenye pikapu. Hakukuwa na salamu wala barua, ila fahali alikuwa mnene, na hakuna aliyemrudisha.

Sheikh alipokuwa tayari kufungisha ndoa nje kwa wanaume, kaka yake Maimuna, Abdulwahab, aliyekuwa walii wake, msimamizi wa ndoa, aliingia ndani na mashahidi wawili na hati ya ndoa.

“Umeridhia kuolewa na Mbarak?”

“Niletee hati.”

“Maimuna, watu wana njaa. Weka sahihi tu, ni utaratibu.”

Wanawake wote chumbani waliguna kwa pamoja. Abdulwahab alijua amekosea neno.

Maimuna aliichukua hati. Alisoma majina, tarehe, mahari, mashahidi. Alisoma hadi maandishi madogo ya chini. Nje pilau ilinukia, watoto walilalamika, na mtu akamuuliza Mbarak kulikoni, mbona wamechelewa.

“Anasoma,” Mbarak alisema, na alikuwa anatabasamu. “Mwacheni asome.”

Ndipo Maimuna akaomba kalamu.